Diski Iliyokuja kwa Posta

Mwaka 2006 nilikuwa mlezi wa chama cha muziki katika shule moja ya sekondari hapa pwani. Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kufundisha Kiswahili. Chama cha muziki nilikabidhiwa kwa sababu ilijulikana kuwa nyumbani kwetu kulikuwa na tashkota, na ya kuwa marehemu ami yangu alipata kuipiga katika arusi nyingi za Mombasa. Kila Alhamisi jioni vijana walikuja darasani na ngoma mbili, na gitaa moja lililokatika uzi, wakaimba. Nami nilikaa mbele yao kama kadhi, nikahukumu.

Alhamisi moja kijana wa kidato cha tatu, mpole, aliyezoea kukaa nyuma karibu na dirisha, alileta kinasa sauti kidogo akaomba ruhusa atusikilizishe wimbo. Tukasikia mdundo uliopangwa sawasawa kama meno ya kitana. Juu yake sauti nyembamba za kinanda zilikuwa zikipokezana, na juu ya yote sauti ya msichana, dada yake, akiimba habari za mtu aliyehamia mji mwingine asiandike barua. Nilimwuliza ngoma ile imepigwa na nani. Akajibu kuwa haikupigwa na mtu. Ameitengeneza mwenyewe kwa kompyuta.

"Basi aliyepiga ni stima," nilimwambia, "na stima haina moyo. Siku utakapopata mpigaji wa kweli, tuletee."

Darasa zima likacheka. Naye akatabasamu kidogo, kama atabasamuvyo mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake, akakizima kinasa sauti akarudi dirishani pake. Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ya pili yake hakuja.

Mwisho wa muhula nilikuta bahasha juu ya meza yangu. Ndani yake mlikuwa na diski ya muziki na kipande cha karatasi kilichochanwa katika daftari. Aliandika: "Mwalimu, hii nimeletewa na shangazi kwa posta kutoka Marekani. Tafadhali usikilize wimbo wa pili hata mwisho. Naomba unirudishie." Nililitafuta neno la lawama katika mistari ile mitatu nisilipate, na kukosekana kwake kulinichoma kuliko kama lingalikuwapo. Niliitia bahasha ndani ya mtoto wa meza. Nikaisahau, au nilijifanya nimeisahau. Mambo haya mawili hupita mlango mmoja.

Ilikaa humo muhula mzima. Likizo ya Aprili ya mwaka 2007 ilinikuta peke yangu nyumbani, masika yakinyesha, na usiku mmoja nikaitoa. Jalada lilisema kuwa kikundi kinaitwa The Postal Service, maana yake Huduma ya Posta, na albamu inaitwa Give Up, yaani Kata Tamaa. Nilidhani ni mzaha wa vijana. Nikauruka wimbo wa kwanza, nikaenda moja kwa moja kwenye ule wa pili, kwa haraka ya mtu anayetaka kulipa deni akalale.

Wimbo huo unaitwa "Such Great Heights". Mwanzo wake ni vitone vya sauti vidogo vidogo, kimoja katika sikio la kulia, kimoja katika la kushoto, mithili ya maji yanayodondoka kutoka paa la mabati katika ndoo mbili zisizojaa sawa. Vitone vile vinapandana, vinakuwa mdundo, mdundo unakuwa mbio. Kisha inaingia sauti ya mwanamume. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya adabu, nyembamba kiasi, ya mtu anayemwambia mtu mmoja jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa ni mapenzi ya watu wawili waliotenganishwa na safari. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mwimbaji huyo kama nilivyomcheka mwanafunzi wangu. Nikajikuta nimeegemea mbele kitini ili nisipitwe na neno. Ulipokwisha niliurudia, na uliporudiwa nikarudi wimbo wa kwanza, nikaisikiliza albamu yote, nyimbo kumi, takriban dakika 45.

Baadaye nilijifunza namna albamu ile ilivyofanywa, na hapo ndipo jina lake liliponifungukia. Ni kazi ya watu wawili waliokaa mbalimbali. Jimmy Tamborello alikaa Los Angeles, akitunga midundo kwa kompyuta na vinanda vya umeme. Alikuwa amekwisha kutoa muziki wa namna hiyo kwa jina la Dntel. Ben Gibbard alikaa Seattle, naye alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Death Cab for Cutie, kikundi cha ile roki ya wasanii wanaojitegemea, wanaotoa kazi zao katika kampuni ndogo ndogo mbali na makampuni makubwa ya santuri. Walikuwa wamefanya wimbo mmoja pamoja, ukaingia katika albamu ya Dntel ya mwaka 2001, wakaonja utamu wake, wakataka kuendelea. Lakini kutoka Los Angeles hadi Seattle ni kilomita 1,800 hivi kwa barabara, karibu mara nne ya safari ya Mombasa na Nairobi. Kila mmoja alikuwa na kazi zake, na intaneti ya siku hizo haikuwa chombo chepesi cha kubebea muziki kama ya leo.

Wakafanya wafanyavyo watu walio mbali. Tamborello alitengeneza mdundo na sauti zake, akazitia katika diski, akaipeleka posta. Gibbard aliipokea Seattle, akaukata mdundo hapa, akaurefusha pale, akatafuta tuni, akaandika maneno, akaimba, akatia gitaa mahali palipolihitaji, kisha akaitia kazi katika bahasha ikarudi kusini. Walisaidiwa na marafiki: Chris Walla, mwenzake Gibbard katika Death Cab for Cutie, alipiga piano, na Jen Wood na Jenny Lewis walitia sauti za kike. Bahasha zilikwenda na kurudi hata albamu ikatimia, na kampuni ya Sub Pop ya Seattle ikaitoa Februari 2003. Wakajipa jina la mchukuzi wao.

Nataka msomaji asimame nami kidogo katika habari ya bahasha. Watu wakikaa chumba kimoja kutunga wimbo, mwenye sauti kubwa humshinda mwenye sauti ndogo, na mwenye haraka humshinda mwenye kufikiri. Nimeliona hilo katika chama changu cha Alhamisi miaka mingi, na mara nyingi aliyeshinda alikuwa mimi. Bahasha haina haraka. Tamborello hakuweza kumkatiza Gibbard katikati ya ubeti, wala Gibbard hakuweza kumwambia Tamborello apunguze ngoma kabla ngoma haijamaliza kusema. Kila mmoja aliisikiliza kazi ya mwenziwe ikiwa nzima, peke yake, mara nyingi, ndipo akajibu. Naamini jambo hilo linasikika. Katika nyimbo nyingi za siku hizi mashine huwekwa chini kama sakafu na mwimbaji hukanyaga juu yake. Katika albamu ile mashine na mwimbaji wanasikilizana, mmoja akinyamaza mwingine anaingia, kama watu wawili walioandikiana muda mrefu wakajua desturi za kila mmoja.

Wimbo wa kwanza, "The District Sleeps Alone Tonight", ni mfano bora kuliko ule wa pili, nami namshangaa mwanafunzi wangu kuwa hakunipeleka huko kwanza. Ni habari za mtu aliyekwenda Washington kumwona aliyekuwa mpenzi wake, akajikuta katika nyumba ile ni mgeni kabisa. Mashine inaanza polepole kama pumzi ya mtu aliyelala. Sauti inasimulia bila kulia. Kisha, karibu na mwisho, mdundo unaamka na kuanza kukimbia, wakati msimuliaji anapokiri kuwa kosa lilikuwa lake. Mpiga ngoma wa kawaida angaliongeza nguvu hapo, angalitoa jasho, nasi tungalimhurumia. Mashine haitoi jasho. Inakwenda mbele bila kumtazama, kama gari la moshi linavyomwacha mtu stesheni, na ukavu huo wa mashine ndio unaotuonyesha ukubwa wa upweke wake.

Hali kadhalika "We Will Become Silhouettes", ambao tuni yake ni ya furaha, ungeweza kuimbwa na watoto njiani, na habari yake ni ya mtu aliyejifungia ndani ya nyumba baada ya bomu kuu, akiwa na chakula cha makopo na hofu. Na "Nothing Better" ni majibizano: mwanamume anambembeleza mwanamke asiende zake, na Jen Wood anamjibu kwa hoja, moja baada ya moja, kama wakili. Ni nani pwani hii asiyejua raha ya majibizano? Washairi wetu walijibizana kwa barua na magazeti kabla babu wa Tamborello hawajaona kompyuta.

Sitaki kudanganya kwamba yote ni dhahabu. Wimbo wa mwisho, "Natural Anthem", una kelele ndefu za mashine kabla ya mwimbaji kupata nafasi ya kufungua kinywa, na mpaka leo siupendi. Yako pia maneno hapa na pale ambayo mtu wa miaka arubaini huona haya kidogo kuyasikia. Ni maneno ya umri wa miaka ishirini na kitu. Lakini nani alisema vijana waimbe maneno ya wazee?

Kilichonisumbua usiku ule hakikuwa albamu. Ilikuwa tashkota ya ami yangu, iliyoning'inia ukutani mbele yangu. Wasomaji wengi huenda hawakuwahi kuiona. Ni kinanda cha nyuzi kilichobuniwa Ujapani mwaka 1912. Mkono mmoja hubonyeza vitufe vilivyofanana na vya mashine ya taipu, mwingine hugonga nyuzi. Kilivuka bahari kikafika Mombasa, mafundi wetu wakakitia umeme na vipaza sauti, kikaingia katika taarabu na kikawa chetu. Ami yangu alipata kunisimulia kuwa alipokipeleka arusini mara ya kwanza, mzee mmoja mpiga udi alimwuliza kama amekuja kupiga muziki au kuandika barua za ofisini. Watu wakacheka. Ami aliisimulia habari hiyo hata uzeeni, na kila aliposimulia alicheka yeye kwanza, ili asichekwe. Nami niliyekulia katika habari hiyo, niliyejifunza vitufe vile magotini pake, ndiye niliyemwambia mtoto wa watu kuwa stima haina moyo, ilhali waya wa tashkota yetu ulikuwa ukichomekwa katika stima hiyo hiyo.

Muhula wa pili ulipofunguliwa nilimrudishia diski yake. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumtaka radhi, maneno mazuri, nikayapitia njiani. Nilimkuta na wenzake nje ya maktaba. Walinisalimu kwa pamoja, nami haya ikanishika. Nikamwambia, "Nimeisikiliza." Akasema, "Asante, Mwalimu." Basi. Alikuwa sasa kidato cha nne, na mtihani ulikuwa mbele yake. Mwisho wa mwaka akaondoka shuleni, na mimi nikabaki na maneno yangu mazuri.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi Marekani kidogo, kwa sababu kisa cha jina la kikundi kile kinachekesha. Mwezi wa Agosti 2003 Posta ya Marekani, ile ya serikali, iliwaandikia watu wa albamu waache kutumia jina lake, kwa kuwa ni alama iliyosajiliwa kisheria. Kisa kingeweza kuishia mahakamani. Badala yake waliafikiana: kikundi kiruhusiwe kutumia jina, nacho kisaidie kuitangaza posta. Novemba 2004 wakaenda Washington kupiga muziki katika mkutano wa wakuu wa posta, na posta yenyewe ikaiuza albamu ile katika duka lake la intaneti. Naipenda sana picha ya maofisa wale wa stempu na vifurushi, wamekaa na suti zao, wakisikiliza muziki uliosafiri katika mifuko yao bila wao kujua. Albamu iliendelea kuuzwa polepole, mtu akimwambia mtu, hata ikapita nakala milioni moja. Katika historia ya Sub Pop iliyoitangulia ilikuwa moja tu, Bleach ya Nirvana, ya mwaka 1989. Wenyewe hawakutoa albamu ya pili. Walikutana tena kuipiga hadharani ilipotimiza miaka kumi mwaka 2013, na tena miaka ishirini mwaka 2023, kisha kila mmoja akarudi katika shughuli zake.

Mwaka 2008 vijana wa Nairobi wanaojiita Just a Band, kikundi kilichozaliwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walitoa albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal: midundo ya kompyuta, sauti za kuimba, ucheshi wa mjini, na Ukenya wao haukufichika. Jioni moja nilisikia wimbo wao redioni, na mkono ukaganda na kikombe cha chai. Nilifikiri kuwa ni sauti ya mwanafunzi wangu. Haikuwa yake. Lakini ingaliweza kuwa yake, na nikajiuliza kama bado anatunga, au kama alikizima kinasa sauti kile siku ile kwa mara ya mwisho. Swali hilo lilininyima usingizi. Mtoto hucheka na wenzake, husahau. Ndivyo tunavyojiambia walimu. Mimi nilikwisha kuona jinsi ami yangu alivyosahau.

Nikachukua karatasi. Namba ya sanduku la barua la wazazi wake niliipata katika daftari la shule. Maneno mazuri niliyoyatunga mwaka uliotangulia hayakunijia, nikaandika yaliyokuja: kwamba nilimkosea mbele ya watu, kwamba nilisema neno nisilolijua, na kwamba mdundo wake bado naukumbuka, mpaka pale ulipopungua ili dada yake ashushe pumzi. Nikaweka stempu, nikaitumbukiza barua katika kisanduku, na papo hapo nikatamani kuitoa.

Miezi miwili ilipita. Kisha ikaja bahasha ya kaki kutoka Nairobi, ambako alikuwa akisoma chuoni. Ndani mlikuwa na diski isiyo na jalada na barua fupi, mwandiko ule ule. Dada yake hajambo, ameolewa. Yeye bado anatunga, usiku, mwenzake wa chumbani akilalamika. Chini kabisa aliandika: "Mwalimu, stima imefanya kazi yake. Katikati nimeacha nafasi ya tashkota."

Niliishusha tashkota ukutani nikaifuta vumbi. Nyuzi mbili zilikuwa na kutu, nikazinunua mpya. Nilidhani kazi itakuwa ya jioni moja. Ilinichukua majuma matatu, kwa kuwa mashine haimngoji mtu. Nilipokuwa nikipiga na wapigaji wenzangu, nikikimbia walikimbia nami, nikichelewa walinisubiri, na kwa hiyo miaka yote nilijiona nakwenda sawa. Sasa mdundo ulisimama mahali pake, nami nikasikia kwa masikio yangu kuwa vidole vyangu hukimbia kila vinapofika mahali pa huzuni. Hakuna aliyepata kuniambia. Nilijaribu kuvizuia, muziki ukafa. Mwishowe niliviacha vikimbie palepale, na huko kukosana kwangu na mashine nikaona kunasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

Nilinasa sauti alfajiri moja, kabla magari hayajaanza, kwa kinasa sauti cha zamani cha kanda. Nilipofika katikati ya nafasi niliyoachiwa, jogoo wa jirani akawika. Sikuwa na nguvu ya kuanza upya. Nikaitia kanda katika bahasha pamoja na neno la kumtaka radhi kwa habari ya jogoo, na kumshauri amkate, kwa kuwa nasikia kompyuta zaweza.

Wimbo ulirudi baada ya mwezi mmoja. Niliusikiliza peke yangu, mlango umefungwa. Mdundo ulianza, tashkota ikaingia, ikakimbia mahali pake pa kukimbilia. Kisha kila kitu kikanyamaza kwa kitambo cha pumzi moja, na katika ukimya huo jogoo akawika, naye alikuwa amewekwa sawasawa juu ya pigo.